Kivuli Nyuma ya Kidari

Kwetu mgonjwa wa kufa haambiwi. Sijui nani alianzisha desturi hiyo, ila nimekulia ndani yake kama nilivyokulia kwenye uji wa ulezi. Mtu akipatwa na maradhi ya kumwondoa, ndugu huitwa pembeni wakaambiwa wao, wakalia uani mpaka wakatosheka, kisha wakanawa uso na kurudi chumbani wakiwa na sura za sikukuu. "Daktari kasema vidonda vya tumbo tu." "Daktari kasema ukizingatia dawa, mwezi ujao unapanda baiskeli." Mgonjwa naye, akiwa mtu mwenye adabu, huitikia. Tunaiita huruma. Mimi niliifanya huruma hiyo kwa baba yangu, na niliifanya vizuri kuliko wote nyumbani, kwa sababu katika familia yetu mwenye maneno ni mimi.

Baba aliugua ini. Tulipoambiwa, mama alikaa chini pale pale kwenye korido ya hospitali. Mimi nikanawa uso, nikaingia wodini, nikamwambia baba: "Ni kivimbe kidogo, hakina neno. Daktari kasema tusubiri miezi mitatu, atakupima tena." Baba alifurahi kama mtoto. Alipotoka akaagiza miche ya michungwa, akaenda kuipanda shambani kwake Kwihara, akichimba mashimo mwenyewe na kupumzika kila baada ya shimo. Hakumaliza masika. Machungwa yake tunayala hadi leo, na ni matamu kweli, lakini sijawahi kumenya hata moja bila kuiona ile sura yake alivyoniamini.

Nimeanza na baba kwa sababu bila yeye hakuna atakayeelewa nilichofanya siku maneno yale yale nilipoambiwa mimi.

Nafanya biashara ya asali, Gongoni, hapa Tabora. Warina asali huniletea ndoo zao kutoka porini, mimi naichuja, naijaza kwenye chupa, na nta naiyeyusha na kuiuza mbali. Ni kazi inayonata. Hakuna kitasa nyumbani kwangu kisichoshika mkono. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na mtoto mmoja wa kike nilipoota mitoki shingoni. Nilidhani ni jino. Halafu nikaanza kuloa jasho kitandani, nguo zikanipwaya, na wateja wangu wanawake wakaanza kuniuliza siri ya kupungua. Nikawaambia ni asali. Niliuza sana mwezi ule.

Haikuwa asali. Walinikata kinyama shingoni wakakipima, na jibu likawa saratani ya mitoki. Nikapelekwa Mwanza kwenye hospitali kubwa, nikawekewa dripu za kemo, nikawa naenda na kurudi, Tabora, Nzega, Shinyanga, Mwanza, mpaka makondakta wakawa wananiwekea kiti cha mbele bila kuniuliza. Nywele zilikwenda, nyusi zikazifuata. Kilichoniuma kuliko nywele ni ulimi: asali ikawa na ladha ya msumari. Mtu anayeishi kwa kuonja asali apewe ulimi wa namna hiyo, hapo ndipo nilipomuuliza Mungu maswali ambayo baadaye nilimwomba radhi.

Lakini nilipona, au ndivyo ilivyoonekana. Dripu zilikwisha, mitoki ikanywea, nywele zikaota laini kama za mtoto mchanga, na asubuhi moja nikalamba kidole nikakuta asali ni asali. Nilimpakata mwanangu tukalamba pamoja kwenye mfuniko wa ndoo hadi nyuki wakatufukuza. Alikuwa anatimiza miaka minne. Kipindi chote cha dripu alilelewa na mama yangu kule Chemchem, na sasa alikuwa amerudi kwangu, na kila nilipoketi alikuja kukaa juu ya mguu wangu kuhakikisha sisimami.

Miezi kadhaa baadaye nikaitwa Mwanza kwa kipimo cha kuangalia maendeleo, ile mashine ya duara unayoingizwa umelala. Mume wangu alinisindikiza. Daktari alikuwa binti, mdogo kwangu, mwenye sauti ya upole na haraka ya mtu mwenye foleni nje. Aligeuza kioo cha kompyuta nikione.

"Hapa shingoni pamesafika," alisema. "Kwapani pamesafika. Ila hapa katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, kuna kivuli ambacho mwanzo hakikuwepo."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anakitazama kile kivuli kama anavyotazama ubao wenye fundo.

"Usiogope," daktari akaendelea. "Ninavyoona mimi hii ni tezi inayoitwa thaimasi. Kila mtoto huzaliwa nayo, tena kubwa, ndiyo inayowafundisha kazi askari wa mwili. Mtu akikua inanywea, inabaki mafuta mafuta tu. Sasa zile dawa ziliichapa kama zilivyochapa nywele zako. Umemaliza dawa, nywele zimerudi, na yenyewe imerudi, imejaa kuliko ilivyokuwa. Huwa inatokea, hasa kwa wagonjwa ambao bado vijana. Sioni dalili ya saratani, lakini siwezi kukuapia kwa picha moja. Tusubiri miezi mitatu, tutapima tena. Kama ni tezi, tutaikuta imepungua."

Maneno yote yale yalikuwa kweli. Leo naweza kuyarudia moja moja, kwa sababu nimeyarudia sana. Lakini siku ile masikio yangu yalifika kwenye miezi mitatu yakasimama hapo. Niliisikia sauti yangu mwenyewe, wodini, mbele ya baba. Nikawaza: binti huyu anajua kutunga kuliko mimi. Mimi kwa baba niliishia kwenye kivimbe, yeye kaleta mpaka utoto.

"Sawa, daktari," nikasema kwa adabu. "Tunashukuru."

Tulipokuwa tunatoka akamwita mume wangu arudi kidogo. Mlango ukafungwa. Nani kwetu asiyejua maana ya mlango ule? Nilikaa kwenye benchi nikitazama kandambili za watu, nikajua kwamba yaliyobaki yanasemwa mle ndani, na kwamba akitoka atakuwa na sura ya sikukuu. Akatoka nayo. "Anasema nisikuache ukawa na wasiwasi," aliniambia. "Na nihakikishe unarudi hiyo miezi mitatu ikitimia." Hayo tu ndiyo aliyoambiwa. Nimeyathibitisha baadaye kwa daktari mwenyewe. Lakini nilimtikisia kichwa kama unavyomtikisia mtu mwongo anayekupenda.

Mume wangu ni seremala, mtu mwema, ila mkono wake haufunguki kirahisi. Basi liliposimama Shinyanga alishuka akarudi na matufaha, mekundu, yamefungwa kila moja na karatasi yake. Tangu anioe hakuwahi kuninunulia tufaha. Nilikula nusu, nikafunga nusu kwenye mtandio nimpelekee mtoto, na toka hapo hadi Nzega nilikuwa nahesabu ni nani atamlea mwanangu.

Mama alitungoja mlangoni pale Gongoni. Mume wangu akamweleza yote, tezi, utoto, miezi mitatu, bila kuacha neno. Mama alimsikiliza kama fundi anayesikiliza kazi ya fundi mwenzake. Hakuuliza kitu. Akasema "Alhamdulillahi," akaenda uani, na mimi nikiwa nimelala kwenye mkeka nikasikia maji ya kopo. Alikuwa ananawa uso.

Baada ya hapo kila mtu alinipenda, na hakuna kitu kinachotisha kama kupendwa na kila mtu kwa wakati mmoja. Majirani walileta asali ya nyuki wadogo kwa kijiko, mimi muuza asali. Kuna mwanamke mmoja tuliyekuwa hatusalimiani kwa sababu ya kibaraza cha sokoni, ugomvi wa miaka. Alikuja na mkate wa kumimina, akakaa kitako, akaniambia: "Dada yangu, tusameheane. Dunia tunapita tu." Nilitaka kumuuliza anayepita ni nani, yeye au mimi. Nikamsamehe. Mkate ulikuwa mzuri.

Sikuyaogopa mauti kwa ajili yangu, au niseme niliyaogopa kidogo tu. Niliyemwogopea ni mtoto. Nilikuwa nimeona siku ya baba: nyumba imejaa wanawake, kilio, samani zimetolewa nje, na watoto wadogo wanazunguka katikati ya miguu ya watu wakiuliza kuna nini na kufukuzwa. Nilimwona mwanangu katika miguu ile. Nilimwona anakaa juu ya mguu wa huyu na wa yule akitafuta wangu.

Ninaye dada mmoja, mkubwa wangu, ameolewa Ujiji. Mungu hakumjalia mtoto. Zamani misafara ilitoka hapa kwetu kwenda Ujiji kwa miguu, watu na pembe za ndovu kichwani, na hadi leo ukiuliza koo za Ujiji utakuta nusu zina ndugu Tabora. Siku hizi unapanda treni. Kwa desturi yetu dada yangu ni mama mkubwa wa mwanangu, ni mama tayari, hakuna la kuandikishana. Mama yangu ndiye aliyelianzisha, kwa pembeni kama kawaida yake. "Dada yako mpweke kule," alisema huku anachambua mchele. "Mtoto angemchangamsha." Nikasema ni kweli. "Na mtoto akimzoea mtu mapema," akaongeza, "hapati tabu." Nikasema hilo nalo ni kweli. Tulimpangia mwanangu maisha yake yote bila kulitaja hata mara moja neno lililotufanya tuyapange.

Mume wangu alijaribu. Nilimkuta karakanani anapiga randa, nikamwambia nilichoamua. Akasema, "Lakini daktari kasema ni tezi." Nikamuuliza, "Wewe unaamini?" Akarudi kupiga randa. Kimya chake nikakichukua kuwa ndilo jibu. Leo ananiambia alinyamaza kwa sababu hakujua, na asiyejua afanye nini ila kunyamaza? Natamani angegombana nami siku ile. Natamani angenirushia randa.

Nilimpigia dada simu. Kwa simu nilimwambia mambo ambayo hakuna aliyenituma kuyasema, na ambayo nikiyakumbuka sasa napata joto la uso. Nilimwambia asimzoeze mtoto kuniulizia. Akiniulizia, ambadilishie mazungumzo. Asinipigie simu akampa mtoto azungumze, maana sauti itamrudisha nyuma. Na asiitwe mama mkubwa, aitwe mama, moja kwa moja. "Mimi atajua baadaye nilikuwa nani," nikasema. Dada alilia, mimi sikulia. Nilijiona jasiri sana. Ukiniuliza nini ninachokijutia kuliko vyote, si kumtoa mtoto, ni ule ujasiri.

Alikuja kumchukua. Asubuhi ya safari nilimsuka mwanangu nywele mistari midogo midogo ili zikae muda mrefu, nikachelewesha makusudi kila mstari. Nikamvisha gauni la njano na viatu vya kufunga kwa kitufe, ambavyo alikuwa amejifunza kuvifunga mwenyewe na hakutaka kusaidiwa. Stesheni kulikuwa na rabsha ya mizigo, magunia ya mpunga, ndoo za asali, ndoo nyingine zangu mwenyewe nilizompa dada apeleke. Mtoto aliingizwa kupitia dirishani kama wanavyofanya watu wenye haraka. Akageuka, akanishika kidole kutoka ndani.

"Mama, wewe huji?"

"Nitakuja," nikamwambia. "Nitakuja na treni inayofuata."

Akaniachia kidole pale pale. Alitosheka. Akaketi na kunyoosha gauni lake, na treni ilipoondoka alikuwa anaangalia mbele.

Ile miezi mitatu niliishi kama mtu anayengoja mgeni. Niliandaa. Nilimfundisha shangazi wa mume wangu kuchuja asali, nikagawa vitenge. Sikuumwa popote. Nilikuwa nakula, nanenepa, nywele zinafika masikioni, na kila dalili ya afya niliichukua kuwa ni ile nafuu ya mwisho ambayo wazee husema humjia mgonjwa kumuaga. Mtu akiamua kutoamini hakosi ushahidi. Siku ya kurudi Mwanza ilipokaribia nikasema siendi, kwenda kusikia nini. Safari hii mume wangu hakunyamaza. Alisema neno moja, "Twende," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nikavaa.

Daktari alikuwa yule yule. Akaweka picha ya zamani na mpya pamoja. Hata mimi niliona. Kile kivuli kilikuwa kimesinyaa, kimebaki kama alama ya kikombe mezani baada ya kupanguswa.

"Si nilikwambia?" akasema, na alikuwa anafurahi kweli. "Tezi ya utotoni. Ilirudi, sasa inaondoka tena. Wewe ni mzima, mama."

Niliendelea kuitazama ile picha. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nilifikiri siku ile alikuwa ananificha.

"Nikufiche kwa nini?" Hakunielewa. "Ningekuwa na wasiwasi ningekwambia nina wasiwasi. Nilikwambia nilichokiona na nisichokijua."

Nikamwambia kwetu anayesema hana hakika huwa ndiye anayejua. Alinitazama, akamtazama mume wangu, na nadhani akaelewa kitu, kwa sababu aliacha kutabasamu. Akaniuliza kwa upole kama kuna jambo lolote nilifanya katika kipindi hicho. Nikasema hapana. Nikashuka ngazi nikiwa mzima, na kwenye ngazi zile ndipo nilipolia kilio kilichofanya watu waliopita waniambie pole, wakidhani nimefiwa.

Dada nilimpigia siku ile ile. Alipiga vigelegele vyake mwenyewe kwenye simu, akamshukuru Mungu, akalia. Alijua nitakalosema. Nikamwambia, "Nakuja kumchukua." Akasema, "Njoo." Halafu, baada ya muda: "Ameanza chekechea. Ana shairi anasoma siku ya kufunga. Labda usubiri alisome." Nikasubiri. Alikuwa ametulelea mtoto, ningemnyima shairi?

Nilifika Ujiji saa za asubuhi, dagaa wamekwisha kuanikwa. Mlangoni pa dada kulikuwa na begi. Lile lile la Tabora, limefungwa, limewekwa tayari kizingitini, na dada alikuwa amesimama pembeni yake na kanga mpya, uso umevimba. Hakuwa mtu wa kuning'ang'ania changu. Mtoto alitokea nyuma yake. Alikuwa amerefuka, nywele zimesukwa kwa mtindo mwingine. Dada akamgusa bega kumkumbusha adabu. Mwanangu akasogea, akanyoosha mkono, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

Lilikuwa sahihi kabisa. Kama dada yangu ni mama, basi mimi, mdogo wake, ni mama mdogo. Nilikuwa nimelipanga mwenyewe kwa simu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Nilikaa kwao kama juma zima. Mtoto hakunikataa. Ingekuwa afadhali. Alinipokea kama anavyopokelewa mgeni mwenye heshima: aliniletea maji ya kunawa, alinionyesha daftari lake la kuchora, akanisomea shairi lote bila kukosea. Akichoka alikwenda kukaa juu ya mguu wa dada. Siku moja tunachambua dagaa nikamuuliza dada kama aliniulizia, mwanzoni. Nilidhani atanibadilishia mazungumzo mimi pia. Lakini dada alikuwa amechoka na huruma.

"Siku za treni," alisema, "alikuwa anavaa vile viatu vyake, anafunga vitufe, anakaa pale kizingitini. Asubuhi nzima. Nikimwita chai anasema anamngoja mama, kasema anakuja na treni inayofuata. Ulisema nimbadilishie mazungumzo. Nilimbadilishia. Treni inayofuata ikija, anavaa tena."

Niliendelea kuchambua dagaa. Nikamuuliza aliacha lini.

"Sijui siku gani. Siku moja treni ilipiga honi, nikamwona anaendelea kucheza. Nilishukuru Mungu, si nilidhani wewe ndiyo basi tena."

Mtu mzima aliyesoma shule, anayefanya biashara, aliambiwa kweli na daktari akaikataa. Mtoto wa miaka minne aliambiwa uongo dirishani pa treni akauamini mpaka viatu vikambana. Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile na sijapata pa kuliweka. Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu mimi ni mtoto wa kumzaa mwenyewe.

Siku ya kuondoka begi lilikuwa bado pale. Dada akasema, "Mchukue, ni wako, sina kinyongo." Mtoto alisikia. Hakulia, ila alikwenda kusimama nyuma ya mlango, ameshika kitasa kwa mikono miwili, midomo imekauka. Nilikuwa nimeshamng'oa mara moja. Sikuwa na moyo wa kumng'oa mara ya pili. Nikamwambia dada, amalize mwaka. Mwaka ukaisha, nikasema aanze darasa la kwanza huko huko asije akavurugikiwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walinisema mimi kabla sijazaliwa.

Mama yangu mpaka leo hataki tulizungumze. Akiniona kimya ananiletea chungwa la Kwihara. Mume wangu alitengeneza kitanda kidogo cha mninga, kizuri kuliko vitanda vyote alivyowahi kuuza, na kipo chumbani kinatandikwa shuka likizo tu. Kwa daktari naenda bado, mara chache. Kifuani hakuna kitu tena. Tezi imenywea, imebaki mafuta mafuta kama kwa watu wazima wote. Huwa nawaza zile siku ilipokuwa imejaa, kifua changu kimerudia utoto, kinaanza upya kuwafundisha askari wake, nami niko juu yake nagawa vitenge.

Likizo hii alikuja. Sasa ana miaka saba, amepoteza meno ya mbele, na lafudhi yake ya Ujiji inamfurahisha kila mtu Gongoni. Alinisaidia kuchuja asali. Aliona kovu la shingoni akaliuliza, nikamweleza yote kuhusu ugonjwa, dawa, na tezi ya watoto iliyorudi kwa mtu mzima. Alijigusa kifuani akauliza kama yake ipo. Nikamwambia ipo, kubwa, inafanya kazi. Alilipenda hilo. Usiku ule hakutaka kulala kitanda cha mninga, akaja kulala kwangu, kichwa juu ya mkono wangu mpaka ukafa ganzi, nami sikuusogeza.

Jana nilimpeleka stesheni, dada amekuja kumchukua. Sasa anapanda mwenyewe kwa mlango. Alipopata kiti akaja dirishani, akaweka mikono juu ya chuma. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekwisha kukata tiketi yangu, ya treni ya baada ya hii kwa kuwa hii ilikuwa imejaa, imo kwenye pochi, nimemwachia shangazi asali, na mume wangu amekubali nikae Ujiji hadi shule ifungwe tena, na baada ya hapo tutaona wote kwa pamoja, yeye mtoto akiwemo, bila kumpangia pembeni.

"Mama mdogo," aliniambia, "wewe huji?"

"Nitakuja," nikasema. "Treni inayofuata."

Aliniangalia kidogo, kwa upole. Kisha akanitikisia kichwa.

"Haya," akasema. "Tunashukuru." Akarudi kuketi, akanyoosha gauni lake, asiniulize ni siku gani.

Nami safari hii nilikuwa nasema kweli.